Kuhamia Shamba Katika Nchi ya Ugeni: Raha Zake na Taabu Zake

Siku hizi habari hukimbia upesi kuliko miguu ya mtu. Labda kijana wako amerudi kutoka mjini akakuambia kwamba huko Ulaya nyumba nzima ya mawe, yenye ghorofa na roshani, huuzwa kwa Euro moja tu, yaani fedha isiyotosha kununua hata kilo moja ya nyama hapa kwetu. Labda ulicheka ukasema, "Huyu anatudanganya." Hakudanganya. Lakini pia hakusema yote.

Leo twataka kutazama pamoja habari ya watu wanaoacha nchi yao na kwenda kukaa shamba katika nchi ya wengine. Wako wanaofanya hivyo kwa kupenda, wakiwa na fedha mfukoni. Wako wanaofanya hivyo kwa kusukumwa na shida. Mambo haya yana utamu wake na uchungu wake, na yafaa kila mzazi ajue yote mawili. Kwa maana katika jamaa nyingi neno "kuhama" limekwisha kutajwa mezani, iwe ni kuhama kwenda Ulaya, au kuvuka tu mpaka kwenda kulima kwa jirani.

MBONA VIJIJI VYAO NI VITUPU?

Sisi tumezoea vijiji vilivyojaa watoto. Katika sehemu nyingi za Italia, Ufaransa na Hispania mambo ni kinyume. Ukiingia kijijini waweza kupita nyumba kumi, na saba zimefungwa, madirisha yamepigwa mbao, majani yameota juu ya paa.

Sababu yake si vita wala tauni. Watu waliondoka wenyewe. Kati ya mwaka 1876 na 1915 karibu watu milioni 14 walitoka Italia kwenda kutafuta maisha Marekani, Argentina, Brazili na penginepo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wengine wakaenda Ujerumani, Ubelgiji, na viwandani katika miji ya kaskazini ya nchi yao wenyewe. Wazee wakabaki, na wazee hufa. Watoto nao hawazaliwi kwa wingi: mwaka 2023 watoto waliozaliwa Italia nzima hawakufika 400,000, na nchi hiyo ina watu karibu milioni 59. Nyumba ya babu ikabaki mali ya wajukuu kumi walioko New York na Buenos Aires, ambao hata njia ya kufika kwake hawaijui.

NYUMBA YA EURO MOJA

Ndipo mameya wa vijiji wakatafuta dawa. Mwaka 2008 meya wa mji mdogo wa Salemi, katika kisiwa cha Sicilia, alitoa shauri kwamba nyumba zilizoachwa ziuzwe kwa Euro moja. Vijiji vingine vikafuata. Kilichovuma kuliko vyote ni Sambuca di Sicilia, mji wa watu wasiofika 6,000. Mwezi Januari 2019 mji huo ulitangaza nyumba 16 kwa bei ya kuanzia Euro moja, na maombi yakamiminika kutoka pande zote za dunia.

Sasa, msomaji, tega sikio, maana hapa ndipo penye mfupa ndani ya mnofu. Euro moja ilikuwa bei ya kuanzia mnada. Watu walishindana, na nyumba zikauzwa kwa maelfu ya Euro. Tena kila mnunuzi alitakiwa kuweka dhamana ya Euro 5,000, na kuitengeneza nyumba katika miaka mitatu kwa gharama isiyopungua Euro 15,000. Asipotimiza, dhamana yake hupotea. Na nyumba zenyewe nyingine zilikuwa kuta tu, kwa kuwa tetemeko la ardhi la Januari 1968 liliharibu sana bonde lile la Belice.

Wenye akili walijua hayo kabla ya kununua, wakajipanga, na leo wanaketi katika nyumba nzuri. Wenye pupa walifikiri wameokota dhahabu njiani. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.

WAINGEREZA KATIKA MASHAMBA YA UFARANSA

Mfano mkubwa zaidi ni wa Waingereza waliohamia Ufaransa. Hesabu yao hufika watu kama 150,000, na wengi wao hawakai Paris bali shamba: Brittany, Normandy, Limousin, na hasa Dordogne, nchi ya mito, minazi hakuna, lakini miti ya jozi ni mingi, na bata bukini na uyoga wa msituni. Jambo si geni kabisa, maana nchi ile ya Aquitaine ilikuwa chini ya wafalme wa Uingereza tangu 1154 hata 1453. Zamani walikuja kwa panga. Siku hizi wanakuja na fanicha juu ya lori.

Wengi ni watu waliostaafu. Waliuza nyumba ndogo karibu na London, na kwa fedha ile wakanunua nyumba kubwa ya mawe, na banda, na bustani, na labda ekari mbili tatu. Wengine ni vijana wenye watoto, waliochoka na msongamano wa mji, wakitaka mtoto wao ajue kuku hutaga wapi.

Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Peter Mayle, alitoa kitabu juu ya mwaka wake wa kwanza katika kijiji cha Provence, kusini mwa Ufaransa. Kitabu kiliuzwa mamilioni, na watu wengi wakapata hamu ya kumwiga. Lakini tazama yaliyompata: wasomaji walianza kuja mlangoni kwake kumtazama, hata akakosa utulivu aliousifu. Akahama kwenda kukaa Marekani kwa miaka kadhaa, kisha akarudi Provence katika kijiji kingine. Alifariki mwaka 2018. Hivyo hata aliyeimba utamu wa shamba la ugenini alionja uchungu wake.

RAHA ZAKE NI ZIPI?

Tuanze na mema, maana yapo, tena si machache.

Kwanza ni nafasi na hewa. Mtu aliyekuwa akisikia magari usiku kucha sasa anasikia bundi na chura. Analima nyanya zake, anafuga kuku, anachuma jozi na matunda ya porini. Sisi twaweza kucheka, kwa sababu hayo kwetu ni kazi ya kila siku, wala hakuna anayeyaita raha. Lakini tusicheke sana. Mtu wa mji mkubwa hulipa fedha nyingi ili apate hicho ambacho wewe unakiona kila asubuhi ukifungua mlango. Yafaa tulikumbuke jambo hili tunapowasikia vijana wetu wakisema kwamba kijijini hakuna kitu.

Pili ni jamii ndogo inayojuana. Ufaransa ina wilaya ndogo za kijiji karibu 35,000, kila moja na meya wake, na zaidi ya nusu hazina hata watu 500. Meya huyo mara nyingi ni mkulima tu. Ukiwa na shida ya maji au barabara, unamkuta mwenyewe. Kila juma kuna soko, na mwuza jibini anakujua kwa jina. Wakati wa kiangazi kijiji kizima hula pamoja katika meza ndefu uwanjani.

Tatu ni adabu. Huko shamba Mfaransa akiingia dukani husalimu watu wote kabla ya kutaja haja yake. Mgeni anayeingia kimya na kunyosha kidole, "Nipe kile," huonekana kuwa hakufundwa. Wewe msomaji, uliyefundishwa kupiga hodi na kuamkia wakubwa, ungeelewa mara moja. Wapo wageni wa mjini waliokaa mwaka mzima wakilalamika kwamba wenyeji ni wakavu, kumbe wao wenyewe hawakujua kusalimu.

Nne ni watoto. Mtoto mdogo akiingia shule ya kijiji huipata lugha upesi kuliko wazazi wake. Pengine shule yenyewe ilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa watoto, na kuja kwa jamaa mbili tatu za wageni kumeiokoa. Hapo mgeni amekuwa baraka. Ndiyo maana ya ile methali yetu, mgeni njoo, mwenyeji apone.

TABU ZA MWAKA WA KWANZA

Sasa tugeuze upande wa pili wa kanga.

Wengi huja kutazama nyumba mwezi wa Julai. Jua linawaka mpaka saa nne usiku, maua yamejaa ukutani, divai ni rahisi. Hununua. Mwezi wa Desemba unafika, na giza linaingia saa kumi na moja jioni. Ukuta wa mawe wenye unene wa mkono mzima unatoa baridi na unyevu. Kuni hazina budi kukaushwa miaka miwili ndipo ziwake vizuri, naye mgeni hakuziandaa. Duka la kijiji limefungwa tangu zamani, na mkate huletwa na gari siku kadhaa tu. Jirani wa kiangazi, aliyekuwa akija kunywa chai, kumbe naye alikuwa mgeni wa likizo, amekwisha kurudi kwao. Hapo ndipo mume na mke hutazamana, na kila mmoja hujiuliza moyoni ni nani aliyeleta shauri hili.

Ndiyo sababu wenye busara husema: ukitaka kununua nyumba katika nchi ya ugeni, kwanza panga chumba huko katika miezi ya baridi. Anayemtaka mchumba na amtazame akiwa kazini, asimtazame siku ya sikukuu tu.

LUGHA NA KARATASI

Mgeni asiyejua lugha ni kama mtoto tena. Hawezi kumweleza daktari maumivu yake, hawezi kumjibu karani, hawezi kucheka katika mazungumzo. Wengi hujikusanya wao kwa wao, Waingereza na Waingereza, miaka ishirini, na kijiji hawakijui. Mmoja wao akifiwa na mwenzi wake, ndipo huona jinsi alivyo peke yake. Watu wengi wanaorudi kwao hawarudi kwa kuchukia kijiji; hurudi kwa sababu ya ugonjwa, au kufiwa, au ndoa kuvunjika, au hamu ya kuwaona wajukuu.

Karatasi nazo ni mzigo. Kununua nyumba Ufaransa hupitia kwa mwanasheria wa serikali aitwaye notaire, na gharama zake pamoja na kodi huwa kama asilimia 7 au 8 ya bei kwa nyumba ya zamani. Lakini kuna faida: mnunuzi akisha kutia sahihi mkataba wa kwanza anazo siku kumi za kujirudi, bila kupoteza fedha yake. Tena mwuzaji hupaswa kuonyesha vyeti vya ukaguzi wa nyumba, na mahali penye mchwa ataje na mchwa. Naam, mchwa hata Ulaya wapo.

Sheria ya urithi huwashangaza Waingereza, kwa kuwa kwao mtu aweza kuandika wosia atakavyo. Kwa sheria ya Ufaransa mtoto hanyimwi: mwenye mtoto mmoja, nusu ya mali ni haki ya mtoto, mwenye wawili, theluthi mbili, mwenye watatu au zaidi, robo tatu. Tangu Agosti 2015 mgeni anaweza kuchagua katika wosia wake sheria ya taifa lake, kwa masharti yake. Lakini asipoandika kitu, sheria ya mahali alipokaa ndiyo inayoshika. Wako wajane walioyajua haya baada ya mazishi. Ni jambo la kuhuzunisha, nalo lingeepukwa kwa karatasi moja tu.

Kisha serikali hubadilika. Waingereza walihama wakati nchi yao ilipokuwa katika Umoja wa Ulaya, wakadhani haki zile ni za milele. Mwezi Juni 2016 Uingereza ilipiga kura kutoka, na thamani ya fedha yao ikashuka. Mzee aliyelipwa pensheni kwa paundi akaona mfuko umepungua bila yeye kutumia kitu. Tarehe 31 Januari 2020 nchi yao ikatoka. Waliokuwa diwani katika vijiji vya Ufaransa, zaidi ya watu mia saba, hawakuweza tena kugombea katika uchaguzi wa Machi mwaka ule. Na tangu Januari 2021, Mwingereza asiye na kibali haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Akitaka kuhamia, ni lazima aombe viza na kuonyesha mapato yake na bima ya ugonjwa. Mgeni, hata awe tajiri, hukaa kwa ruhusa.

JOGOO ALIYEPELEKWA BARAZANI

Ugomvi mwingine si wa sheria kubwa, bali wa kijiji. Katika kisiwa cha Oléron, magharibi mwa Ufaransa, alikuwako jogoo jina lake Maurice. Maurice aliwika alfajiri kama jogoo wote tangu siku za Petro Mtume. Jirani zake, watu wa mjini waliokuwa na nyumba ya likizo pale, wakamshitaki mwenye jogoo kwamba wanakosa usingizi. Kesi ikafika mahakamani Rochefort. Tarehe 5 Septemba 2019 hakimu akaamua kwamba jogoo ana haki ya kuwika, na walioshitaki wamlipe mwenye jogoo Euro 1,000. Maurice mwenyewe alikufa mwaka uliofuata, lakini tarehe 29 Januari 2021 ilitungwa sheria ya kulinda sauti na harufu za shamba: jogoo, kengele za ng'ombe, mavi ya zizini na kadhalika.

Walalamikaji wale walikuwa Wafaransa, si wageni wa nchi nyingine. Lakini somo ni lilelile. Anayehamia kijijini anahamia kwa watu wenye maisha yao. Hawezi kuja leo na kesho akawaambia wenyeji waache kufuga, au wasigonge kengele ya kanisa. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Na liko jambo lisilochekesha. Tangu Septemba hata mwisho wa Februari, huko ni majira ya kuwinda, na Jumapili misitu hujaa bunduki. Mwezi Desemba 2020, katika jimbo la Lot, kijana mwenye asili ya Ufaransa na Uingereza alikuwa akipasua kuni karibu na nyumba yake. Mwindaji alimdhania nguruwe wa mwitu, akampiga risasi, akafa. Watu waliandamana, wenyeji kwa wageni, wakitaka sheria za kuwinda zikazwe. Shamba ni zuri, lakini shamba si bustani ya peponi.

Tukumbuke pia upande wa wenyeji. Mgeni mwenye fedha akinunua nyumba kwa bei ya juu, bei ya nyumba zote hupanda. Kijana wa kijiji, mtoto wa mkulima, akitaka kuoa na kujenga, hawezi tena. Hapo mgeni hakufanya kosa la kisheria, hata hivyo kijana yule ana kilio cha haki.

PADRE MMOJA, MAKANISA THELATHINI

Kwa Mkristo swali kubwa ni hili: huko niendako, roho yangu na ya watoto wangu italishwa na nani?

Katika mashamba ya Ufaransa kila kijiji kina kanisa, tena zuri, la miaka mia nane au mia tisa. Lakini tangu sheria ya mwaka 1905 makanisa yaliyojengwa zamani ni mali ya kijiji, na mengi hufunguliwa kwa mazishi na sikukuu ya msimamizi tu. Padre mmoja aweza kuwa na makanisa ishirini au thelathini chini yake. Shule za serikali hazifundishi dini. Mafundisho mara nyingi hutolewa siku ya Jumatano, siku ambayo shule nyingi za watoto wadogo hazifungui. Mzazi asipojishughulisha mwenyewe, mtoto atakua bila kujua hata ishara ya msalaba.

Ajabu ya Mungu ni hii. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, walioanzishwa na Askofu Lavigerie, ulipita Tabora ukienda maziwa makuu, na wengi wao walikuwa watoto wa vijiji vya Ufaransa. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pius wa 12, katika barua yake iitwayo Fidei Donum, aliyaomba majimbo ya Ulaya kuwatuma mapadre wao kusaidia Afrika. Leo mapadre kutoka Afrika wanasomesha Misa katika vijiji vilevile vilivyowatoa wamisionari. Nao ni watu waliohamia shamba katika nchi ya ugeni! Huvumilia baridi na upweke, na safari za gari kutoka kigango hata kigango, wakikuta waamini kumi na wawili wenye mvi. Tuwaombee.

WAGENI WASIO NA KITU

Mpaka hapa tumesema habari za wageni wenye nyumba. Lakini katika nchi zilezile kuna wageni wengine, nao hawaandikiwi vitabu vya kupendeza. Ni vijana wa Afrika na Asia wanaochuma machungwa na nyanya kusini mwa Italia. Wengi walivuka jangwa na bahari wakiahidiwa kazi nzuri. Wakakuta vibanda vya mabati na karatasi za plastiki, na mnyapara anayekata sehemu ya ujira wao, na kuwatoza hata nauli ya kwenda shambani.

Mwezi Januari 2010, katika mji wa Rosarno, wachuma machungwa Waafrika walipigwa risasi za bunduki ya upepo. Wakafanya ghasia kwa hasira, na wenyeji nao wakawashambulia. Waafrika zaidi ya elfu moja wakaondolewa mjini kwa siku chache. Mwaka 2016 Italia ilitunga sheria kali dhidi ya wanyapara hao, lakini vibanda havijaisha.

Haki yataka tuseme pia mema. Si mbali sana na Rosarno, kuna kijiji kiitwacho Riace, kilichokuwa kinakufa. Mwaka 1998 merikebu yenye Wakurdi ilitua ufukoni kwake. Wanakijiji wakawapokea, wakawapa nyumba zilizoachwa, na shule ikapata watoto tena. Baadaye mambo yaliingia siasa: meya, Domenico Lucano, alikamatwa mwaka 2018 na kuhukumiwa, kisha mwaka 2023 mahakama ya rufani ikapunguza sana adhabu yake. Lakini kijiji kile kilionyesha kwamba nyumba tupu na mtu asiye na nyumba waweza kukutanishwa.

JAMBO HILI LATUHUSU SISI?

Latuhusu sana. Kila mwaka wako watu katika nchi zetu wanaovuka mpaka kutafuta shamba, kwa sababu ardhi kwao imekuwa finyu. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kazi Julai 2010, na wengi hudhani sasa kila mtu aweza kununua shamba popote. Sivyo. Mkataba huo wenyewe unasema mambo ya ardhi yafuate sheria za kila nchi. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa. Katika Kenya, kwa Katiba ya 2010, asiye raia hupangishwa tu, kwa miaka isiyozidi 99. Uganda nayo humpa mgeni ardhi kwa kupanga tu.

Kwa hiyo baba anayeuza ekari zake tatu za urithi, akampa fedha mtu wa upande wa pili wa mpaka kwa maneno ya kilabuni na karatasi isiyo na mhuri, anaweka watoto wake hatarini. Siku mwuzaji akifa, au serikali ikipima mashamba, atafukuzwa bila kitu. Kwao hana shamba tena, na ugenini hana haki. Hilo ndilo tulitakalo kila msomaji aliepuke.

Basi, kama katika nyumba yako kuna shauri la kuhama, fanyeni hivi:

1. Shaurianeni mume na mke, na watoto wakubwa wasikilizwe. Safari ya mmoja aliyeburutwa haina heri.

2. Atangulie mmoja, akae huko katika majira mabaya, wakati wa masika au wa njaa, si wakati wa mavuno.

3. Usiuze ulicho nacho kabla ya kupata cha pili kwa maandishi halali. Nenda ofisi ya serikali ya huko, usitosheke na maneno ya rafiki.

4. Anzeni kujifunza lugha kabla ya kuondoka, hasa mama, maana ndiye atakayepeleka mtoto zahanati.

5. Ulizeni umbali wa shule, hospitali na kanisa. Chukueni vyeti vya ubatizo na ndoa, na siku ya kwanza mjitambulishe kwa padre au katekista.

6. Kijana akiahidiwa kazi Ulaya, na aonyeshwe mkataba na viza kabla ya kutoa hata senti. Kazi ya kweli haianzi kwa kuvuka jangwa usiku.

7. Mkifika, shikeni jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye msiba nendeni, kwenye kazi ya kijiji msikose.

Nasi tunaobaki tunao wajibu wetu. Akija mgeni kijijini kwako, usimwuzie kwa bei ya ujinga wake. Mwonyeshe kisima, mfundishe salamu, mwite jumuiyani.

Katika Maandiko Matakatifu tunasoma habari za Elimeleki wa Bethlehemu. Njaa ilipoingia, alihamia mashamba ya Moabu pamoja na mkewe Naomi na wana wao wawili. Huko Elimeleki akafa, na wana wakafa. Naomi akarudi kwao mikono mitupu, akiwa amefuatana na mkwewe Ruthu, mwanamke wa Moabu. Kisha Ruthu naye akawa mgeni shambani, akiokota masuke nyuma ya wavunaji. Lakini Boazi, mwenye shamba, hakumfukuza, bali aliwaagiza watu wake wamwachie masuke kwa makusudi. Na katika ukoo wa mwanamke huyo mgeni alizaliwa Mfalme Daudi, na mwishowe Mwokozi wetu.

Mwenye kuhama na ahame kwa akili na kwa sala. Mwenye kupokea na apokee kama Boazi.